Vijana wetu na riwaya za intaneti: ni nini kinachowakesha?



Ijumaa moja ya mwezi uliopita, watu walipokuwa wakitafuta viatu vyao mlangoni mwa msikiti baada ya sala, alitujia baba mmoja wa makamo akiwa amemshika mwanawe mkono, kijana wa mwaka wa pili chuo kikuu, kwa namna mtu anavyomshika aliyemfumania. "Shekhe," akasema, "naomba umpe nasaha huyu. Usiku halali. Yumo simuni mpaka alfajiri, ati anasoma, na anachokisoma si masomo wala si dini. Nimekwisha mwambia kwamba simu nitaivunja, na tangu nimwambie hivyo hatuzungumzi."

Tunakiri kwamba moyoni tulikuwa tumekwisha hukumu. Simu, usiku, kijana wa kiume: tulidhani tunajua. Tulipomuuliza anasoma nini, akajibu kwa haya kwamba anasoma riwaya, nayo ina milango zaidi ya mia moja. (Tunasema milango kama walivyosema wazee wetu, ingawa siku hizi vitabu vya hadithi navyo husema sura.) Tukamwambia aketi atusimulie. Baba yake naye akaketi, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Kijana alianza kwa kigugumizi, akaendelea kwa raha, na adhana ya Alasiri ilitukuta bado tunamsikiliza.

Riwaya yenyewe inaitwa Mother of Learning. Mwandishi wake ni Domagoj Kurmaić, mtu wa Kroatia, aliyeiandika kwa Kiingereza, lugha ambayo si ya mama yake, akaitoa bure kwenye intaneti mlango baada ya mlango kuanzia mwaka 2011 hadi mwaka 2020. Baina ya mlango na mlango zilipita wiki kadhaa. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeanza kuifuata akiwa kidato cha kwanza aliufikia mwisho wake akiwa mtu mzima. Jina lake limetokana na msemo wa Kilatini wenye maana kwamba kurudia ndiko mama wa elimu, na sisi tuliofundishwa Qur'ani kwa ubao na takrari hatukuhitaji kufafanuliwa msemo huo.

Mhusika mkuu ni kijana aitwaye Zorian Kazinski, mwanafunzi wa chuo kimoja katika nchi ya kubuniwa ambako uchawi husomeshwa kama sisi tunavyosomesha hesabu na nahau. Si mtu wa kupendeza. Ni mwerevu lakini mkavu, hapendi wazazi wake, anawaonea kinyongo kaka zake, na dada yake mdogo Kirielle, anayemrukia kitandani asubuhi ya safari ya kwenda chuoni, anamwona kuwa usumbufu tu. Mwezi mmoja baadaye mji wa chuo unavamiwa usiku wa sikukuu, Zorian anauawa, na papo hapo anaamka kitandani kwao, dada yake akiwa amemrukia kama awali. Mwezi umerudi mwanzo. Watu wote wamesahau ila yeye na wachache ambao msomaji atawajua mbele ya safari. Basi anauishi mwezi huo tena, na tena, mara nyingi hata hesabu inampotea msomaji.

Kuhusu huo uchawi, hukumu ya sihiri katika dini yetu inajulikana na hatuna haja ya kuirudia hapa. Mzazi mwenye mtoto mdogo amfafanulie kwamba lile ni jambo la kubuni, kama ndege wenye kusema katika hadithi za bibi. Kijana wa chuo kikuu anaijua tofauti hiyo. Tulimuuliza, akatujibu vizuri kuliko tulivyotarajia.

Kilichotushughulisha ni kitu kingine. Tulimuuliza: "Katika milango hii yote, kipi hasa kinakukesha? Vita?" Akasema hapana, vita huviruka wakati mwingine. Akafikiri kidogo, kisha akatusimulia habari za mwalimu aitwaye Xvim.

Mwalimu huyo hukutana na Zorian peke yake kila wiki, na kazi yake, kama inavyoonekana mwanzoni, ni kumtesa. Humwamuru afanye zoezi la watoto wa mwaka wa kwanza, kuielea kalamu hewani na kuizungusha, kisha husema kwamba hakuridhika, aanze upya. Zorian akianza kuweza, mwalimu humtupia gololi usoni huku zoezi likiendelea, ili aone kama makini yake yatavunjika. Wasomaji wote humchukia mtu huyo. Lakini mwezi unaporudi na kurudi, Zorian anajikuta analifanya zoezi lile kwa miaka, na siku moja anagundua kwamba mambo makubwa anayoyaweza sasa, ambayo wenzake hawayawezi, yamesimama juu ya ile kalamu. Anamrudia mwalimu kwa heshima, na mwalimu, akimwona mwanafunzi mwenye juhudi, anageuka kuwa mtu mwingine kabisa: mkweli, mpole kwa namna yake, na mwenye mengi ya kutoa. Yeye hakubadilika kitu, maana mwezi kwake ni uleule. Aliyebadilika ni anayemtazama.

Hapo tulitabasamu, kwa kuwa tulimkumbuka marehemu mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyetukalisha kwenye herufi moja wiki mbili nzima kwa sababu aliisikia inatoka mahali pasipo pake. Tulimchukia kwa ukamilifu. Leo tukisimama mbele ya watu kusalisha, ni herufi yake tunayoitamka.

Ndugu wasomaji, hii ndiyo ladha ya wahusika katika riwaya ndefu za namna hii, nayo ni vigumu kuipata katika hadithi fupi au sinema ya saa mbili. Katika sinema mtu mbaya hutambulishwa kwa muziki, na mtu mwema kwa sura yake. Riwaya inayotolewa kwa miaka minane au tisa ina nafasi ya kumwacha msomaji akosee kuhusu mtu, aishi na kosa lake kwa muda mrefu, kisha alirekebishe mwenyewe. Dada mdogo aliyekuwa kero katika mlango wa kwanza, Zorian anaamua katika mojawapo ya miezi ile kumchukua pamoja naye mjini. Anagundua kwamba mtoto huyo anachora vizuri ajabu, na kwamba ana kiu ya kusoma ambayo nyumbani hakuna aliyeijali. Kaka mtu aliishi naye nyumba moja miaka yote hiyo na hakujua. Kijana alipofika hapo aliinamisha uso, kisha akasema, "Shekhe, nami ninaye mdogo wangu wa kike. Sijui anapenda nini." Baba yake, ambaye mpaka hapo alikuwa akichezea tasbihi, akamtazama.

Tumetumia mfano mmoja tu, na haimaanishi kwamba riwaya zote za intaneti zina sifa hiyo. Mwaka 2014 mtu mmoja alianza kuweka kwenye tovuti aliyoiita Wuxiaworld tafsiri za Kiingereza za riwaya za Kichina, mojawapo ikiwa Coiling Dragon ya mwandishi anayejiita kwa Kichina kwa jina lenye maana ya "nakula nyanya". Tangu hapo vijana wa dunia nzima wamezoea aina ile ya shujaa: anaanza akiwa dhaifu na mwenye kudharauliwa, anapanda daraja moja baada ya jingine, na kila aliyemdharau hulipia. Tunaelewa utamu wake. Mwanafunzi anayehesabu alama zake na kuchekwa kwa kushindwa mtihani hupata faraja kumwona mwingine akipanda. Lakini tumesimuliwa kadhaa kati ya hizo, na watu wake ni wembamba. Maadui hawana mama wala watoto, wapo ili wapigwe. Wanawake wapo ili wamshangae shujaa. Aliyeshinda leo atashinda kesho dhidi ya mtu mkubwa zaidi aliyeumbwa kwa ajili hiyo. Huko hakuna Xvim.

Tutaje pia Worm, riwaya ya John McCrae wa Kanada, anayejulikana kwa jina la Wildbow. Aliitoa mara mbili kwa wiki kuanzia Juni 2011 hadi Novemba 2013, ikafikia maneno zaidi ya milioni moja na nusu, na wasomaji wake husifu mno jinsi alivyoshika zamu yake. Hatuipendekezi kwa watoto, ina ukatili mwingi. Lakini mhusika wake, binti wa shule aitwaye Taylor anayeonewa na wenzake, ni funzo kwa mtu mzima: anajiunga na wahalifu kwa nia ya kuwachunguza awafichue, na hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na udhuru wake mzuri, anakuwa mmoja wao na zaidi yao. Hakuna mlango ambao msomaji anaweza kuunyoshea kidole akasema hapa ndipo alipopotea. Sisi tunaohutubia juu ya dhambi ndogo ndogo tungetoa nini kupata mfano wa namna hiyo mimbarini!

Sasa tuje kwenye mwendo wa hadithi. Wazazi wengi hudhani kwamba kinachowanasa vijana ni ile hila ya kukatisha mlango mahali pa hatari. Hila hiyo ni kongwe. Wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili katika Alfu Lela Ulela, Shahrazadi akinyamaza kila kunapopambazuka ili aone siku nyingine. Charles Dickens wa Uingereza aliuza riwaya yake ya Pickwick vipande vipande kila mwezi, mwaka 1836 na 1837, na watu wakasubiri kipande kijacho. Na anayekumbuka kulifungua gazeti la Kiswahili kuanzia ukurasa wa hadithi ya mfululizo kabla ya habari za bunge asijifanye mgeni wa jambo hili.

Lakini kukatisha peke yake hakumkeshi mtu miaka tisa. Kijana wetu alitueleza kwamba kinachompendeza ni kwamba mwandishi anajua wapi akae na wapi apite. Miezi kumi ya mazoezi yasiyo na jipya huimaliza kwa aya moja. Jioni moja ambayo Zorian anamweleza rafiki yake siri yake, akijua kwamba mwezi ukigeuka rafiki huyo atasahau, huikalia mlango mzima. Kwa kuwa mwezi unajirudia, msomaji anaijua mitaa, anawajua watu, anajua nani atabisha hodi saa ngapi, na raha yake ni kuona kitu kidogo kikienda tofauti. Ni raha ya mtu aliyekwisha ujua mji.

Hata shauku yenyewe ya kutaka kujua kilichofuata si aibu. Leo ni Ijumaa, na wengi wetu tumesoma au tutasoma Suratul Kahf. Ndani yake mna kisa cha Nabii Mussa (A.S.) na yule mja mwema ambaye wanazuoni wengi humwita Khidhri. Alimshurutisha Mussa asiulize jambo lolote mpaka yeye mwenyewe amweleze. Jahazi likatobolewa, kijana akauawa, ukuta ukasimamishwa bila ujira, na mara tatu Mussa hakuweza kujizuia. Wakaachana, naye akaelezwa maana ya yote matatu. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari, Mtume (S.A.W.) ameeleza jinsi alivyotamani lau Mussa angesubiri, ili tusimuliwe zaidi katika habari zao. Kila tunapoisomesha hadithi hii tunaona nyuso za wanafunzi zikichangamka. Kutamani kisa kisiishe hapo kilipoishia ni jambo ambalo mbora wa viumbe amelitamka.

Kwa kuwa tumefika hapo, tuseme na letu. Miaka mingi iliyopita, tukiwa walimu vijana katika madrasa moja, tulimkuta binti wa miaka kumi na tatu au kumi na minne akiandika daftarini wakati wa somo. Ilikuwa hadithi. Aliiandika vipande vipande, na wenzake waliipokezana kila Alhamisi, ndiyo maana Alhamisi darasa letu lilikuwa na minong'ono. Hatukusoma hata ukurasa mmoja. Tulilichana daftari mbele yao wote na vipande tukamwamuru mwenyewe avitie motoni, naye akafanya hivyo bila kulia. Alihitimu na sasa ni mama wa watu. Tulikutana naye arusini mwaka juzi, tukamuuliza kama anaikumbuka ile hadithi. Akasema kwa adabu kwamba ameisahau, Ustadh. Hatukumsadiki, na haki ya kumsaili zaidi hatunayo.

Basi tulipomwona baba yule ametishia kuvunja simu, tulikuwa na sababu ya kumwambia angoje.

Hatusemi kwamba hakuna cha kuogopa. Kipo, nacho ni fedha. Huko China, tovuti ya Qidian, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilianza mwaka uliofuata kuwatoza wasomaji kwa kuhesabu herufi: milango ya mwanzo bure, kisha senti chache kwa kila herufi elfu moja. Kwa mwandishi maskini lilikuwa jambo jema, maana alipata riziki. Lakini aliyelipwa kwa urefu atarefusha. Wachina wenyewe wana neno la kulalamikia milango isiyosogea: husema mwandishi ametia maji. Nasi tunacho kisa cha yule binti wa Madina aliyekataa kutia maji katika maziwa usiku, akamwambia mama yake kwamba ikiwa Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Waandishi wa riwaya wangefaidika nacho. Leo ziko programu za simu zinazomuuzia msomaji "sarafu" za kufungulia milango, na mtoto hawezi kujua riwaya nzima itamgharimu kiasi gani mpaka aimalize. Hata kwa Kiswahili, wako waandishi wanaouza sehemu za hadithi katika makundi ya WhatsApp kwa fedha za simu. Hatuoni ubaya wa mtu kuuza jasho lake. Ubaya ni bei isiyojulikana na bidhaa isiyo na mwisho. Mzazi aulize mambo mawili: riwaya hii inalipiwaje, na je, imekwisha? Riwaya ya kijana wetu ni bure na imekwisha. Hilo peke yake lilitutuliza nusu.

Nusu iliyobaki ni usiku. Na hapa ndipo tulipoona jambo ambalo baba hakuliona, wala mwana. Wale walioifuata riwaya ile ilipokuwa ikitoka walisoma mlango mmoja, kisha wakasubiri wiki kadhaa. Katika kusubiri huko walisoma masomo yao, wakalala, wakabishana na rafiki zao kuhusu nani anadanganya na nani atakufa. Mwendo wa riwaya ulipimwa kwa watu wa namna hiyo: kila mlango umejazwa vya kutosha kumshibisha mtu kwa siku nyingi. Kijana wetu ameikuta imekwisha, milango yote imepangwa mbele yake, anameza minane kwa usiku mmoja. Ni kama mtu anayekula futari ya mwezi mzima kwa siku moja kisha analalamikia tumbo. Hadithi hii iliandikwa kwa vituo, naye ameviondoa vituo vyote.

Tulimwambia hivyo. Akanyamaza, kisha akasema kweli kuna milango aliyoipita mbio na sasa haikumbuki. Tukamwekea sharti mbele ya baba yake: mlango mmoja kwa siku, baada ya Isha, simu ikalale sebuleni saa nne, na sala ya Alfajiri iwe jamaa. Baba naye tukamwekea lake, asilolitarajia: kila mlango mwanawe anaousoma, amsimulie yeye. "Mimi, Shekhe? Hadithi za watoto?" Tukamwambia kwamba mwaka 1960 ilipochapishwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, waliosubiri kukutana tena na Bwana Msa na kiko chake walikuwa watu wazima wenye ndevu, na haikuwapunguzia kitu.

Wakaondoka pamoja. Hatukujua kama sharti lingeshikwa, maana masharti ya msikitini mara nyingi huishia kituo cha basi.

Jumanne iliyopita baba alitupigia simu. Alizungumza kwanza habari za mchango wa mazulia, akazunguka zunguka, kisha akauliza kama tulikuwa tumefika mahali ambapo Zorian anarudi kwa yule mwalimu wa gololi. Tukamwambia kijana alitusimulia siku ile. "Basi mimi ndiyo kwanza jana," akasema. "Yule mzee tulimwonea, Shekhe."